Mjane Aliyebisha Hodi Anwani ya Kumi na Saba

Saa mbili kasoro robo asubuhi, milango ya maduka ya Barabara ya Biashara inafunguliwa mmoja baada ya mwingine, na Zilpah Ogutu tayari amepiga magoti chini ya meza ya duka moja la kanga. Amejifunga leso kiunoni ili vumbi lisimharibie sketi. Mkono wa kushoto umeshika kurunzi. Wa kulia unaufuata waya kutoka nyuma ya kompyuta hadi kwenye tundu la ukutani, polepole, kama mtu anayetafuta mshipa wa mgonjwa.

Duka lina kompyuta tatu. Moja iko kaunta, ya pili iko katika ofisi ya mwenye duka, na ya tatu iko stoo, nyuma ya marobota. Tangu juzi ile ya kaunta haipati hesabu ya mali iliyomo stoo.

"Mama, hii mashine imenuna," asema mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa mtaa huu huu. "Ile ya ofisini yasema na zote mbili. Sasa hii ya mbele imekosana na ya nyuma kwa lipi?"

"Hazijakosana, baba," ajibu Zilpah kutoka chini. "Ngoja nitazame. Nani aliishika mara ya mwisho?"

"Mkwe wangu. Yeye ajua kila kitu."

"Basi tutamtazama na yeye."

Mzee anacheka. Zilpah anatoka chini ya meza, anakung'uta magoti na kuketi mbele ya kioo cha kompyuta. Haimchukui dakika tano.

Kila kompyuta, amweleza mzee, ina namba mbili. Ya kwanza ni anwani yake, na haifai kompyuta mbili kuwa na anwani moja. Ya pili ni namba ya mipaka, inayoiambia kompyuta mtaa wake waanzia wapi na kuishia wapi, ili ijue nani jirani na nani wa mbali. Mkwe wa mzee, katika kujua kila kitu, ameandika mia moja ishirini na nane mahali palipotakiwa sifuri. Kwa hesabu hiyo mtaa umekatwa vipande viwili. Kompyuta ya stoo imeangukia upande wa pili, na ya kaunta, ikitaka kuijibu, yadhani inamwandikia mtu wa ng'ambo.

"Hujakosana na jirani yako," Zilpah aiambia kompyuta akifuta ile namba. "Umeambiwa tu kwamba si jirani."

Anaomba ufunguo wa stoo aende kuhakikisha. Kisha anauliza swali ambalo wateja wake wote wamelizoea: "Na kuna chumba kingine ambacho sijaingia?"

Swali hilo lina kisa, na kisa chenyewe hakiko mbali na hapa.

Zilpah ana umri wa miaka thelathini na sita. Baba yake, mzee Kioko, alikuwa fundi wa reli, na yeye alizaliwa katika nyumba za reli za Changamwe. Kiswahili chake ni cha Mombasa, na desturi zake nyingi pia. Alipomaliza kidato cha nne alijifunza upigaji chapa, na mwaka 1986 akaajiriwa na kampuni moja ya uwakala wa forodha, katika jumba la kale la mawe ukingoni mwa Mji wa Kale. Huko ndiko alikokutana na Morris Ogutu, fundi wa simu kutoka Siaya, mtu mrefu, mpole, asiyeweza kupita penye waya bila kuuliza unakwenda wapi.

Wakafunga ndoa kanisani mwaka 1988. Binti yao, Joy, akazaliwa mwaka uliofuata.

Mwaka 1995 kampuni ilinunua kompyuta, na Morris akapewa kazi ya kuziunganisha. Kuta za jumba lile zina unene wa mkono mzima. Kwa wiki tatu alizitoboa kwa tindo na nyundo, akirudi nyumbani mweupe kwa chokaa, nywele na kope. Joy alikuwa akimwita babu. Alipomaliza, kompyuta thelathini zilikuwa zikisema pamoja, na anwani ya kila moja ilikuwa imeandikwa katika daftari lenye jalada la buluu.

"Kila Jumamosi alikuwa akilifungua lile daftari na kuandika," akumbuka Zilpah. "Nami nikikaa kando yake nikimenya viazi, ananifundisha. Hii ni anwani, hii ni mipaka, hivi ndivyo unavyobisha hodi. Nilidhani ananizungumzisha tu ili nisisinzie."

Kubisha hodi ndilo jina alilolipa Morris lile jambo ambalo mafundi wote hulifanya. Unaiamuru kompyuta yako iite anwani fulani. Mwenye anwani akiwapo hujibu, na jibu huonekana kiooni. Asipokuwapo, ni kimya.

Mwezi wa Agosti, mwaka 1997, Morris aliugua malaria iliyompanda kichwani. Alilazwa Jumatatu. Jumanne hakuwa akitambua mtu. Alhamisi alfajiri alifariki, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

Alisafirishwa kwao kuzikwa kama ilivyo ada, na sanduku lake la chuma likaandamana naye, nguo na vyombo na karatasi zote. Zilpah aliporejea Mombasa baada ya matanga ndipo alipokumbuka daftari. Akaandika barua. Jibu la shemeji yake analo hadi leo, na ameliweka ndani ya Biblia.

"Shemeji," yasema barua ile, "yale makaratasi yenye namba tuliyakuta sandukuni. Mvua ilikuwa imelowesha kuni, na wapishi wa matanga wakawashia moto. Hatukujua kwamba ni kitu. Utusamehe."

"Sikuwalaumu," asema Zilpah. "Watu mia mbili walitaka kula. Hata mimi, nisingelikaa naye zile Jumamosi, ningeona ni namba tu."

Mwezi wa Januari, mwaka 1998, meneja wa kampuni, Bwana Ngala, alimwita ofisini. Kwa miezi mitano hapakuwa na wa kuutunza mtandao, na kuleta fundi kutoka nje kila mara kulikuwa ghali. Alikuwa amesikia kwamba mjane wa Morris anaelewa elewa.

"Nakupa miezi sita ya majaribio, Mama Joy," alimwambia. "Ukiweza, kazi ni yako."

Mshahara ulipanda kutoka shilingi elfu sita mia mbili hadi elfu tisa mia nne. Kwa mjane mwenye kodi ya chumba na karo ya mtoto, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini Zilpah asema wazi kwamba hakuikubali kazi kwa ajili ya fedha peke yake. "Ule mtandao ulikuwa mikono yake. Niliona afadhali niushike mimi kuliko mtu asiyemjua."

Jambo la kwanza lilikuwa kuandika upya daftari lililochomwa. Aliwaomba wafanyakazi wasizime kompyuta zao jioni, kwa kuwa mchana hawakutaka kusumbuliwa. Saa kumi na mbili, jumba likiwa tupu, aliketi peke yake na karatasi yenye mistari akabisha hodi anwani moja moja, kuanzia ya kwanza hadi ya sitini. Kompyuta ishirini na tisa zilijibu. Hakutarajia zaidi, maana ile ya mezani pa Morris mwenyewe ilikuwa imekwisha kuuzwa mwezi wa Septemba. Aliandika kila aliyejibu na chumba chake. Anwani ya kumi na saba ilikuwa kimya. Kando yake akaandika neno moja: tupu.

Mwezi wa Februari kompyuta mpya ikaletwa kwa Charo Ngowa, karani wa orodha za shehena. Zilpah akaipa anwani ya kumi na saba.

Tabu ikaanza wiki ile ile.

Kompyuta ya Charo ilikuwa ikifanya kazi vizuri asubuhi, saa mbili hadi saa tatu. Baada ya hapo ilibadilika. Mara inapata majibu kutoka kompyuta kuu, mara haipati. Orodha ya meli inaandikwa nusu, nusu inapotea. Charo ni Mgiriama wa Kaloleni, mtu wa mzaha, lakini mzaha ulianza kumwisha.

"Mama Joy, hii mashine ni kama mfanyakazi wa serikali," alilalamika. "Yaja mapema, yasaini, halafu haionekani."

"Labda ni joto," akasema Zilpah.

"Basi iletee feni. Mimi mwenyewe nina miaka kumi hapa sijaletewa feni."

Feni ikaletwa. Haikusaidia kitu, ila Charo aliigeuzia upande wake. Zilpah akabadilisha waya. Akabadilisha tundu. Akazunguka kompyuta zote, dawati kwa dawati, akihakikisha namba ya mipaka, maana alijua kosa la tarakimu moja tu laweza kumfanya jirani awe mgeni. Kazi hiyo ilimla wiki nne. Mipaka yote ilikuwa sawa.

Mwanzoni mwa Mei meli moja ilitozwa faini kwa sababu orodha ya shehena ilifika pungufu. Bwana Ngala akamwita tena.

"Nitakwambia ukweli, Mama Joy. Marehemu alitufungia mtandao wa kubahatisha. Nimevumilia. Mwisho wa mwezi huu, hali ikiwa ni hii, nyaya zote zing'olewe. Watakuja mafundi wa Nairobi wafunge upya, nao huja na watu wao."

Zilpah hakuhitaji kutafsiriwa. Nyaya zikitoka, naye atatoka. Na kila atakayepita ataambiwa kwamba Morris Ogutu hakuijua kazi yake.

"Usiku ule sikulia," asema. "Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye. Nilisema, wewe ulikwenda na daftari, sasa mimi nifanye nini?"

Aliyemfungua macho ni Charo, kwa upuuzi wake wa kawaida. Siku ya Ijumaa, tarehe nane Mei, alimwita mezani kwake saa saba mchana.

"Njoo uone maajabu. Mashine yangu imesilimu."

"Charo, sina nafasi ya mchezo."

"Si mchezo. Ijumaa ikifika adhana ya adhuhuri, inapona. Itakuwa nzima hadi watu watoke msikitini, kisha irejee ukafiri wake. Nimeiona wiki tatu."

Zilpah alicheka, akaenda zake. Lakini neno lilimkaa moyoni. Ijumaa iliyofuata aliandika saa: kompyuta ilitengemaa saa sita na robo, ikaharibika saa nane na dakika tano. Ijumaa ya tatu, tarehe ishirini na mbili, alivuta kiti akakaa nayo, saa ya mkononi akiiweka mezani. Saa nane na dakika nane, mbele ya macho yake, majibu yakakatika.

Akauchomoa waya wa kompyuta ya Charo. Akaushika mkononi, akahakikisha umetoka. Kisha akaenda kwenye kompyuta yake mwenyewe na kubisha hodi anwani ya kumi na saba, ambayo kwa haki haikuwa na mtu.

Ikajibu.

"Nilishtuka," asema. "Si kwa uchawi, mimi siamini mambo hayo. Nilielewa saa ile ile. Kuna kompyuta nyingine humu ndani yenye anwani hii, na mimi ndiye niliyempa Charo anwani ya mtu. Kompyuta kuu ilikuwa ikituma majibu kwa wa kumi na saba, na wa kumi na saba walikuwa wawili. Mara anapokea huyu, mara yule."

Akamgeukia Charo. "Nani anayerudi kazini saa nane siku ya Ijumaa?"

"Sote tuko hapa hapa. Labda Mzee Kaingu wa ghalani, akitoka kuswali."

Mzee Salim Kaingu amekuwa mtunza ghala wa kampuni hiyo tangu mwaka 1969. Ghala liko chini, nyuma ya jumba, na makarani wa juu hawana sababu ya kushuka huko. Hufungua saa tatu na kufunga saa kumi. Ijumaa hufunga kuanzia saa sita, akikata umeme wote kwa swichi moja kubwa, hadi arudi.

"Nashikamoo, mzee," Zilpah alimwamkua mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Leo umepotea njia? Huku ni kwetu sisi na magunia."

"Mzee, humu ndani mna kompyuta?"

"Imo," alijibu mzee bila kushangaa. "Ya marehemu. Njoo."

Ilikuwa nyuma ya marundo ya magunia ya kahawa, katika kijumba kidogo ambamo nyaya zote za Morris hupita zikipanda juu. Juu ya meza ya mbao ilikaa kompyuta kuukuu, ya zile za mwanzo kabisa, kioo chake cheusi na herufi zake za kijani. Haikuwa na vumbi hata chembe. Kando yake palikuwa na kitambaa kilichokunjwa.

"Kwa nini hukuniambia, mzee?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Nami nilijua mwajua. Kitu cha mtu na mkewe, mimi nitakiingilia wapi?"

Kisha akaeleza. Wiki moja kabla ya kuugua, Morris alimwonyesha swichi ya kompyuta ile akamwagiza: kila asubuhi akifungua ghala aiwashe kabla ya jambo jingine lolote, wala asiiache mpaka yeye mwenyewe atakapokuja kumwambia vinginevyo.

"Nilikwenda hospitali siku ya pili ya ugonjwa wake," alisema Mzee Kaingu. "Nikamkuta hasemi. Basi sikuambiwa vingine. Neno la mtu aliye hai waweza kulijadili. La marehemu ni amana, hulipunguzi wala huliongezi."

Miezi tisa mzee yule aliwasha kompyuta ile, akaifuta vumbi, akakata umeme jioni, bila kujua inafanya nini. Na Zilpah alipobisha hodi ile jioni ya Januari, ghala lilikuwa limefungwa tangu saa kumi.

Zilpah akaketi mbele ya kioo. Iliyokuwa ikifanywa na kompyuta ile ilikuwa kazi nyepesi. Kila nusu saa ilikuwa ikibisha hodi kwa kila kompyuta ya jumba zima, moja moja, na kuandika: ipo, au, kimya. Kando ya kila anwani paliandikwa chumba, jina la mwenye dawati na namba ya mipaka. Lilikuwa ni daftari la buluu, lote, neno kwa neno. Aliloambiwa limeunguzwa Siaya, alilolitafuta dawati kwa dawati, lilikuwa hapa siku zote, chini ya miguu yake.

Mstari wa nne katika orodha ulikuwa wa kompyuta ya mezani pa Morris mwenyewe, ile iliyouzwa. Kompyuta ya ghalani haikuambiwa. Iliendelea kumwita kila nusu saa, siku baada ya siku, na kila mara ikaandika: M. Ogutu, kimya. M. Ogutu, kimya. Zilpah alihesabu baadaye. Ilikuwa zaidi ya mara elfu mbili.

Hapo ndipo alipolia. Mzee Kaingu alimpa kile kitambaa cha kufutia vumbi, akatoka nje kumwachia nafasi.

Alipotulia, aliinakili orodha yote. Ilibaki kazi ya kuizima, nayo haikuwa rahisi kama inavyosikika, kwa kuwa Mzee Kaingu alikataa.

"Siwezi, mwanangu. Alisema mpaka aje yeye aniambie. Nikizima kwa rai yangu nitamjibu nini siku ya siku?"

"Niizime mimi?"

"Wala wewe sikuzuii. Lakini mimi nitabaki na amana ya mtu shingoni." Mzee akafikiri. "Wewe ni mkewe. Lako ni lake. Niambie wewe kwa kinywa chake."

Zilpah asema maneno yale yalikuwa mazito kuliko yote aliyowahi kuyatamka, hata yale ya kaburini, maana kaburini alisomewa na padre naye akaitikia tu.

"Nilisimama nikasema, 'Mzee Kaingu, Morris anakwambia basi. Umefanya kazi yako. Iache ipumzike.' Mzee akavua kofia, akanyoosha mkono, akazima."

Juu, kompyuta ya Charo haikusumbua tena, siku ile wala siku yoyote iliyofuata.

Hadithi ingekuwa imemalizika hapo kama wanadamu wangekuwa kama kompyuta, ambazo ukishaondoa kosa hurudi kazini. Lakini Bwana Ngala alitaka ripoti ya maandishi: nini kilichoharibika, na kwa sababu ya nani.

Charo alimpa shauri la kirafiki. "Andika kompyuta ya marehemu ndiyo iliyovuruga. Si uongo, ndiyo iliyovuruga. Nawe fikiri: marehemu hafutwi kazi."

"Hafutwi kazi, Charo," alimjibu, "lakini jina lake litakuwa limechafuliwa na mimi."

"Basi mtaje mzee."

"Mzee ametii. Atajwe kwa utiifu?"

Alikaa na kalamu Jumamosi nzima na Jumapili baada ya ibada. Jumatatu asubuhi aliwasilisha ukurasa mmoja. Nakala yake yasema: "Anwani ya kumi na saba ilikuwa na mwenyewe. Mimi ndimi niliyeitoa mara ya pili, kwa kuwa niliipima wakati ghala limefungwa, nikadhani ni tupu. Kazi ya marehemu Morris Ogutu haina kosa. Mzee Salim Kaingu alifuata agizo alilopewa. Naambatisha orodha kamili ya mtandao."

Nyaya hazikung'olewa. Mafundi wa Nairobi walikuja kutazama, wakasoma orodha ile, wakasema mtandao umefungwa kwa ustadi na hauhitaji kuguswa. Zilpah aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake, akiwa amesimama mlangoni.

Mwezi wa Julai, majaribio yalipokwisha, alipewa barua. Ilisema kampuni imeona ni vyema kumwajiri mtu mwenye cheti, kwa kuzingatia kwamba mtunzaji wa sasa hana, na kwamba amekiri kwa maandishi kosa lililoigharimu kampuni. Nafasi yake ya kupiga chapa ilikuwa imekwisha kujazwa.

Bwana Ngala alipoulizwa kuhusu jambo hilo hakukwepa. "Yule mama ni mkweli, sitamsingizia," alisema. "Lakini ofisi haiajiri ukweli peke yake. Bima wakiniuliza nani anatunza kompyuta zangu, hawaulizi kama ni mkweli. Wanauliza cheti."

Kijana aliyechukua nafasi hiyo anaitunza kazi yake kwa orodha ile ile ambayo Zilpah aliichapa.

Mzee Kaingu angali ghalani. Kompyuta ya Morris imebaki mezani pake, imefunikwa. "Mwezi wa kwanza," asema mzee, "mkono ulikuwa ukienda wenyewe kwenye swichi. Naurudisha. Mtu akizoea kumwamsha mwenzake, ni tabu."

Sasa Zilpah na Joy wanaishi katika chumba kimoja mtaani Tudor, kwa kodi ya shilingi elfu mbili mia mbili. Hutembea na mfuko wa turubai wenye bisibisi, koleo, waya na disketi, akienda anakoitwa: maduka, madobi wenye kompyuta moja ya risiti, shule mbili. Mwito mmoja humpa shilingi mia tatu, pengine mia tano. Wiki nyingine haitwi. Mwezi wa Februari mwaka huu wa 1999, Joy alirudishwa nyumbani siku sita kwa ajili ya karo.

Haandiki tena kwamba anwani ni tupu kwa sababu tu imenyamaza. Huibishia hodi asubuhi, huibishia jioni, na Ijumaa mchana huirudia. Huomba funguo za stoo, za jikoni, za vyumba ambavyo wenyewe wamevisahau. Wengine humwona mpekuzi.

Ana karatasi moja tu aliyoichukua kutoka kampuni ile, ukurasa mmoja wa yale maandishi ya kijani, uliochapwa. Joy, ambaye sasa ana miaka kumi, aliukuta mwaka jana akausoma.

"Aliniuliza, 'Mama, kwa nini iliendelea kumwita baba kama haitikii?' Nikamwambia, kwa sababu hakuna mtu aliyeiambia kwamba amekufa. Kisha akasema, 'Masikini.' Sikumwuliza masikini nani."

Mwezi wa Novemba kutakuwa na mtihani wa cheti cha utunzaji wa mitandao, Nairobi. Ada ni shilingi elfu kumi na nne, mbali na nauli. Zilpah ameweka akiba ya elfu nane mia sita, katika bahasha aliyomkabidhi mama mmoja wa kanisani ili asijaribiwe kuichukua. Jioni, Joy akifanya hesabu za shule upande mmoja wa meza, yeye hufanya zake upande wa pili, akiigawa mitaa ya namba vipande viwili, vinne, vinane, na kupata mipaka ya kila kimoja bila kutazama kitabu. Maswali ya miaka iliyopita aliyaazima kwa Charo, ambaye aliyapata kwa yule kijana mwenye cheti.

Je, akifaulu, atapeleka maombi katika kampuni ile ile?

Zilpah anajibu. Hakuna uchungu katika sauti yake, wala hakuna tabasamu.

"Nitapeleka, siku ile ile matokeo yakitoka. Nafasi ikiwepo au isipokuwepo. Nitaweka cheti juu ya meza ya Bwana Ngala. Wakininyima safari hiyo, itawabidi wanitafutie sababu nyingine."